Kiti Kilichombana Wendell

Wana wawili wa Opal Tackett walikuwa waongo, tena waongo wasiojua kazi. Kila Jumapili, wakishatoka ibadani na kumaliza kuku wa mama yao, walimwambia wanakwenda kumtengenezea Mzee Ledbetter pampu yake ya maji. Sasa niambie, pampu gani hiyo inayoharibika kila Jumapili, mwaka unaisha na mwingine unaanza, na shamba lenyewe la Ledbetter halizidi bustani ya vitunguu?

Ukweli ni kwamba walikuwa wakienda kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita, nje ya Bakersfield, ambako vijana wa bonde zima la California walikusanyika kushindana. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanachomoka, na robo maili mbele mmoja ni mshindi na mwingine ana maneno. Orville, kaka mkubwa, ndiye aliyelijenga gari. Wendell, mdogo, ndiye aliyeliendesha. Na kwa kuwa akili zao zilikuwa zimeishia kwenye injini, walilipaka rangi nyeupe, wakaliandika ubavuni kwa herufi nyekundu zinazosomeka toka barabara ya pili: MAMA HAJUI.

Walilificha wapi? Kwenye banda la nyuma ya nyumba ya huyo huyo mama, chini ya turubai. Walimwambia ni mabomba ya Ledbetter. Opal hakuuliza. Alisema yeye bandani haingii, anaogopa buibui.

Opal alikuwa Mpentekoste wa kweli kweli. Nywele hazikuguswa na mkasi, sinema hakuijua, na Jumapili kwake ilikuwa ya Bwana toka alfajiri hadi usingizi. Wanawe wakirudi jioni, macho mekundu kwa moshi wa naitro, yale mafuta makali ya magari ya mbio, aliwauliza jambo moja tu.

"Pampu imepona?"

"Imepata nafuu, Mama," Orville alijibu.

Naye, kwa mkono wake wa kushoto uliozoea kila kazi, akawapakulia maharage na mkate wa mahindi, basi. Kilichowachekesha ndugu hawa zaidi ni Ledbetter mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, na kila wakikutana naye mlangoni aliwashika mkono na kusema, "Asanteni sana kwa ile pampu, vijana." Pampu ambayo hawajawahi kuiona kwa macho. Walitoka nje wakishikana mabega kwa kicheko, wakisema mzee wa watu akili zimeanza kumtoka.

Hayo yalikuwa ya mwaka sitini na nne hadi sitini na sita. Kisha gari liliuzwa, Opal akafa, miaka ikapita, Wendell naye akazeeka na kwenda zake. Akabaki Orville, mwenye miaka themanini na mbili, na moyo uliokuwa ukifanya kazi kwa hisani ya vidonge.

Alikuwa na mtoto mmoja, Verna, fundi wa mabasi ya shule, mwanamke wa mikono mipana na maneno machache. Jioni moja walikuwa wakila, baba akaweka kijiko chini.

"Unajua, Verna, hapa duniani kitu kimoja tu nilikifanya vizuri. Na mama yangu alikufa bila kukiona."

"Gari?"

"Gari. Alinijua kama mtu wa pampu." Alikitazama kijiko. "Nami sasa nakwenda kumkuta. Nitamwambia nini?"

Usiku ule Verna hakulala, na asubuhi alijiambia kwamba kama hilo gari bado lipo juu ya uso wa dunia, baba yake ataliona likiwaka kabla moyo wake haujachoka. Bibi yake asingeweza kurudi kuliona, hilo alilijua. Lakini mzee asiende kaburini akiwa mtu wa pampu.

Alianza na wazee waliokuwa wakishindana enzi zile, ambao hukutana kila Jumamosi kunywa kahawa na kudanganyana. Mmoja aliapa gari lilikatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu. Mwingine alisema liko Fresno, halafu akasema hapana, lile lilikuwa jingine. Wa tatu hakujua liko wapi ila alikumbuka vizuri sana kwamba yeye alilishinda.

"Mwambie baba yako, alinusa moshi wangu siku nzima."

Verna alimfikishia baba salamu hizo. Orville akasema yule bwana hajawahi kushinda hata foleni ya benki.

Hatimaye mmoja wao akamkumbuka mkulima wa zabibu kule Selma, Mwarmenia aitwaye Aram Kasparian, ambaye marehemu kaka yake alipenda vitu virefu vyenye kelele. Verna akapiga simu.

"Gari sina," alisema Kasparian. "Nina ngazi."

"Ngazi ya namna gani?"

"Ya mabomba. Mbele nyembamba, nyuma ina kiti. Mimi nimeona ngazi nyingi, yenye kiti ni hii moja."

Verna alimpakia mzee kwenye pikapu wakaenda. Ndani ya ghala la Kasparian fremu ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti kwa minyororo, na juu yake zimepangwa trei za kukaushia zabibu hadi karibu na bati. Haikuwa na injini wala magurudumu. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, tena kwa haraka, na mtu asiyependa kazi yake. Waliishusha, Orville akaizunguka mara mbili, na uso ukamshuka.

"Si lenyewe, binti yangu. Twende nyumbani."

"Baba, umelitazama vizuri?"

"Langu nalijua. Hili ni takataka."

Verna alichukua kipande cha msasa laini wa maji, akaomba ndoo, akapiga magoti ubavuni mwa gari na kuanza kusugua taratibu, kwa mkono wa mtu anayemwosha mtoto mchanga. Buluu ikatoka, chini yake ikaja nyeusi. Nyeusi ikatoka, ikaja nyeupe. Aliendelea. Maji kwenye ndoo yalibadilika rangi, Kasparian akaacha mizaha, na pale kwenye nyeupe pakajitokeza mstari mwekundu, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Ilikuwa M. Kisha A. Verna alikuwa na miaka arobaini na saba, na tangu azaliwe gari hili lilikuwa maneno tu ya mezani. Sasa lilikuwa likimtokea chini ya kiganja chake, herufi moja baada ya nyingine.

Alipogeuka, baba yake alikuwa amevua kofia. Orville Tackett hakuvua kofia ovyo. Alisimama nayo kifuani mpaka neno MAMA lilipokamilika, kisha akainama akagusa bomba la kukinga kichwa cha dereva, mahali palipobonyea.

"Hapa ndipo Wendell alipoangukia," alisema.

Akawasimulia. Jumapili ya mwisho, gari lilipovuka mstari wa kumalizia, ekseli ya mbele ilikatika. Gari likapinduka na kupinduka tena, likaingia shamba la pamba. Mkanda wa Wendell uling'oka na bolti yake.

"Nilikimbia nikijua nakwenda kumwokota mdogo wangu kwa vipande. Nafika, gari liko kichwa chini, na Wendell yumo kwenye kiti vilevile, ananitukana. Alikuwa amekwama kama kizibo cha chupa. Tulimvuta watu wawili."

"Kiti kilikuwa kidogo hivyo?" aliuliza Kasparian.

"Ndilo nisiloelewa mpaka leo. Nilipokikunja hicho kiti nilimpima mwenyewe, kilimtosha na nafasi juu. Lakini kila baada ya wiki chache analalamika. 'Orville, mbona kiti kinanibana? Unanishonea cha mtoto?' Nami namwambia apunguze mikate ya Mama. Na hakuwa amenenepa, yule mtu alikuwa mifupa." Akatikisa kichwa. "Jioni ile tulirudi nyumbani, Wendell anachechemea. Mama akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema, 'Nadhani hiyo pampu sasa muiache.' Tukaliuza gari wiki iliyofuata. Hata hatukuambiana kwa nini."

Kasparian hakutaka malipo ya ngazi. Alitaka mahali pa kuwekea trei zake. Verna akakaa Selma siku kadhaa akamchomelea rafu za chuma ambazo zingebeba trekta, na gari likarudi Bakersfield juu ya trela, limefunikwa mablanketi.

Injini ilikuwa kwa Orville mwenyewe. Kule gerejini, chini ya maturubai na makopo ya rangi, kulikuwa na lidude la chuma lililomzuia marehemu mkewe kupanga vitu vyake kwa ndoa nzima. Alikuwa ameinyofoa siku alipouza gari, na hakuwahi kumweleza mtu ya kazi gani. Sasa walilifunua, silinda nane, na grisi aliyoipaka mwenyewe miaka ile ilikuwa bado inang'aa. Verna aliinama akachungulia ndani ya silinda, akaona uso wake.

Walifanya kazi majira yote ya baridi mpaka joto likaja. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi, na hakumwachia binti yake nafasi ya kupumua.

"Hapo umechomelea au umetapika?"

"Baba, nimechomelea mabasi miaka ishirini."

"Mabasi yanakwenda shule. Hili linakwenda mbio. Rudia."

Verna alirudia. Kuna siku alitamani kumtupia spana. Lakini kuna siku mzee aliweka kiganja juu ya mshono uliokuwa bado wa moto, akautazama muda mrefu, na kusema "haya," na hiyo haya moja Verna alitembea nayo wiki nzima. Daktari alikuwa amemwambia mzee asijichoshe. Mzee alimjibu kwamba anayechoka ni Verna.

Waliwekewa tarehe. Kila Oktoba wenye magari ya kale hukutana uwanjani, na jua likishazama magari husukumwa yawake, kwa sababu magari ya namna ile hayana stata. Huwa hayashindani tena. Hupangwa tu mstari mmoja mbele ya watu na kuachwa yangurume mpaka mafuta yaishe. Anayekaa kitini ni mtu wa familia, ndiyo desturi. Verna ndiye aliyekuwa familia.

Basi wiki chache kabla ya siku, Verna akaingia kitini kujipima. Akaingia nusu.

"Kinanibana."

"Kilimbana hata Wendell," alisema baba. "Nawe hukuchukua mifupa yake, ulichukua ya ukoo wa mama yako."

Verna akakifungua kiti na kukipeleka kwa rafiki yake Lupe Arriaga, fundi wa viti vya magari, akamwambia atoe sponji ya zamani yote, atie nyembamba. Mzee akafuata, maana hakumwamini mtu na kiti chake. Lupe alikigeuza juu ya meza, akaweka miwani.

"Nani alishona hii takataka?"

"Mimi," alisema Orville.

"Nisamehe, mzee." Akasogeza taa. "Lakini huu hapa hukushona wewe."

Chini ya mgongo wa kiti, mahali ambapo mtu haoni asipokigeuza, palikuwa na mshono mfupi, mdogo, safi. Mishono yote ya Orville ilikuwa mikubwa na imelalia upande mmoja. Huu ulilalia upande wa pili.

"Aliyeshona hapa anatumia mkono wa kushoto," alisema Lupe. "Na tazama matundu haya. Pamefunguliwa na kufungwa tena na tena na tena."

Orville aliukodolea macho mshono ule. Akavuta kiti kilichokuwa karibu akaketi.

Lupe akakata uzi mmoja mmoja. Akaingiza vidole viwili, akatoa kitambaa kilichokunjwa mraba, saizi ya kiganja. Akaingiza tena, akatoa kingine. Vikaendelea kutoka. Vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimebanana, vya maua, vya mistari, vya ile mifuko ya unga iliyochapwa mapambo ambayo wanawake waliohamia California kutoka Oklahoma, Opal mmojawapo, walishonea magauni. Na katikati ya kila kimoja palikuwa na doa la mafuta, la upana wa dole gumba. Meza ilipojaa Lupe akaanza kuvipanga kwenye kochi.

Verna alivijua ni nini kabla ya kuambiwa. Kwa watu wa kanisa lile, mtu akiwa mgonjwa au safarini, ndugu yake hupeleka kitambaa kanisani. Wazee wanakizunguka, wanakiombea, mmoja wao anakitia mafuta kwa dole, na mwenye shida anakaa nacho mwilini. Kimoja kwa shida moja. Hapa palikuwa na mbio baada ya mbio, Jumapili baada ya Jumapili, na kila moja ilikuwa na kitambaa chake.

"Sisi Wakatoliki tungetundika medali ya mtakatifu, basi," alinong'ona Lupe, akajifanyia ishara ya msalaba.

Orville alichukua kimoja akakilaza juu ya goti. "Hii ni aproni yake ya jikoni." Akachukua kingine. "Pazia la chumba chetu. Tulimuuliza kwa nini limekuwa fupi, akasema limenywea kwa kufuliwa." Cha tatu alikishika kwa muda mrefu kuliko vyote. "Hili ni shati la Wendell la shule. Alilitunza." Akakikunja tena. "Alisema anaogopa buibui. Mwanamke aliyekuwa akiua nyoka kwa jembe na kurudi kumalizia kufua, mimi nikaamini anaogopa buibui."

Verna akamwona akilini bibi ambaye hakumjua, yuko peke yake bandani na sindano yake, amepiga magoti kando ya gari, na mbele ya macho yake, kwa herufi nyekundu, wanawe wameandika kwamba hajui. Anasoma. Anashona. Anafunika turubai kama alivyolikuta.

"Baba," alisema polepole, "mafuta ya upako yalikuwa yanatiwa na nani?"

Mzee akainua kichwa. Verna na Lupe waliona jibu likimjia usoni, taratibu.

"Ledbetter," alisema Orville. "Ledbetter ndiye aliyeshika chupa." Akafumba macho. "'Asanteni sana kwa ile pampu, vijana.'"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Verna akaogopea moyo wake, akamshika bega, na ndipo alipogundua kwamba si kicheko tena. Mzee alilia kwa sauti, bila kujificha, mikono imejaa vitambaa. Lupe akaenda kusimama mlangoni akawapa mgongo.

"Kanisa zima," alisema Orville alipoweza. "Kanisa zima walikuwa wakitushikilia, na sisi tunawacheka." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Aliliona, Verna. Aliliona kila wiki. Alilijua kuliko mimi."

Lupe alipouliza aviweke wapi, na kiti akipunguze kiasi gani, hakuna aliyehitaji kufikiri. Alivirudisha kimoja kimoja kwa mpangilio uleule, akashona kwa uzi mpya kupitia matundu yale yale ya zamani, mkono wake wa kulia ukihangaika kulaza mshono kushoto. Verna akaacha mikate kabisa.

Oktoba ilipofika, jua lilipozama nyuma ya mashamba ya mlozi, Verna aliingizwa kitini na watu wawili, mmoja kila bega. Nyuma yake Lupe alishika usukani wa pikapu, Orville pembeni yake. Pikapu ikagusa, ikasukuma. Lami ikaanza kukimbia chini. Verna akaachia klachi, akafungua mafuta, akawasha magneto inayotoa cheche.

Injini ikaitika.

Alikuwa ameishi na injini maisha yake yote, na hakuwa amewahi kusikia kitu kama kile. Haikuwa sauti ya kusikia kwa masikio. Iliingia kwa mgongo, ikapita kwenye mbavu, ikatikisa meno na machozi. Pande zote mbili moto ukapanda kutoka kwenye ekzosi, juu kuliko kichwa chake, wa manjano kisha mweupe, na kila mpigo wa silinda ulimgonga kifuani akadhani moyo wake umepata mwenzake. Alijisikia mdogo sana, na salama sana. Maana katika tetemeko lote lile kulikuwa na kitu kimoja kisichotikisika, nacho kilikuwa kimembana kiunoni na mgongoni kwa nguvu, na hakikumwachia. Mbele yake maelfu ya watu walikuwa wamesimama, wameziba masikio, wanalia kwa naitro, na hakuna aliyeondoka. Orville alikuwa ameshuka. Alisimama karibu kuliko inavyoruhusiwa, hakuziba chochote, kofia ameishika kifuani, na midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akiongea na mtu, na hakuwa akiongea na Verna.

Kisha mafuta yakaisha, moto ukashuka. Verna akajaribu kutoka. Hakutoka. Lupe akavuta mkono mmoja, mtu mwingine akavuta wa pili.

"Baba," alisema huku akihema, machozi na masizi yamechanganyika usoni, "kweli hiki kiti kinabana."

Orville akaweka kiganja juu ya neno MAMA, chuma kikiwa bado cha moto, wala hakukiondoa.

"Kilimbana hata Wendell," alisema. "Ndiyo maana alizeeka."